Reli ya Msituni ya Malaysia bado inapita, ya kwetu Kusini iling'olewa: tofauti ilikuwa wapi?

Mwalimu wa Ndanda aliandika:

Wana Kusini, na wengine wote mnaopitia uwanja huu, nawasalimu.

Ninafundisha jiografia, na katika kuandaa kipindi cha usafirishaji nimesoma kwa kirefu habari za njia ya reli ya mashariki ya Malaysia, ile inayoanzia Gemas, kusini mwa rasi ya Malaya, na kukatiza bara kuelekea kaskazini hadi Tumpat, mji mdogo wa jimbo la Kelantan ulio jirani na mpaka wa Thailand. Wasafiri huiita Reli ya Msituni. Ina kilomita 526, njia ni moja tu ya kwenda na kurudi, na upana wake ni mita moja, sawa na ule wa reli yetu ya kati iliyojengwa na Wajerumani. Ujenzi ulianza miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, ukaendeshwa kutoka ncha zote mbili, na ncha hizo zikakutana mwaka 1931 katikati ya misitu ya mvua na vilima vya mawe ya chokaa.

Kinachonishughulisha zaidi ya urefu wake na uzuri wake ni kwamba hadi leo treni zinapita. Kusini mwetu, yaani Lindi na Mtwara hapa Tanzania, nako ilijengwa reli ya upana uleule. Ilifika Nachingwea mwaka 1949, ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, baadaye ikapewa tawi la kwenda Masasi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, reli na mataruma yake (vile vipande vinavyolazwa chini ya reli) yakang'olewa. Ile ya Malaysia imepita katika nchi ngumu kuliko yetu, yenye mvua nyingi na mito mikubwa, nayo ikaishi. Ya kwetu ilipita katika miombo na vilima vya kawaida, ikafa kabla ya kutimiza miaka 15. Wanafunzi wangu wanaotoka upande wa Nachingwea wanalijua tuta tu, na wengine wanadhani ni barabara ya zamani.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie katika mambo mawili. La kwanza, ni nini hasa kilichoiweka hai reli ya Malaysia? La pili, je, mandhari nzuri peke yake inaweza kuwa sababu ya kujenga au kutunza reli? Nauliza hili kwa sababu kila inapotajwa reli inayopangwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, wapo wanaoitetea kwa kusema kwamba watalii watakuja kuangalia misitu na wanyama kupitia madirishani, nami ningependa kuwapa wanafunzi jibu lenye uzito kuliko matumaini.

Mpwani wa Mikindani alijibu:

Mwalimu, salaam. Nilisoma chuo katika jimbo la Johor, na wenzangu waliotoka Kelantan walikuwa wakirudi makwao kwa treni hiyo kila likizo ndefu. Nilifuatana nao, kwa hiyo nitaanza na yale niliyoyaona.

Msafiri anayepanda Gemas akitarajia msitu mara moja atangoja kwa saa kadhaa. Sehemu ya kusini ya njia hiyo inapita zaidi katika mashamba ya michikichi na mipira, yaliyopangwa kwa mistari hadi macho yanachoka. Baada ya Mentakab na Jerantut ndipo nchi inapoanza kubadilika. Jerantut ndiyo stesheni wanayoshukia wanaokwenda Taman Negara, hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 4,343 za msitu wa kale sana, na wakati ule wengi waliendelea kutoka hapo kwa mashua kupitia mto Tembeling. Mbele yake kuna Kuala Lipis, mji mtulivu wenye majengo ya zamani ambao ulikuwa makao makuu ya jimbo la Pahang tangu 1898 hadi 1955, kabla ya heshima hiyo kuhamishiwa Kuantan.

Kutoka Kuala Lipis kwenda Gua Musang, Dabong na Kuala Krai ndiko jina la Reli ya Msituni linakopata maana yake kamili. Milima ya chokaa inasimama wima kama kuta, imefunikwa na miti hadi kileleni, na asubuhi ukungu unakaa kati yake mpaka jua lipande. Matawi yanafika karibu na madirisha. Njia inajipinda muda wote kwa sababu waliojenga waliufuata mto: palipo na bonde la mto ndipo pasipo na mwinuko mkali, na garimoshi halipendi mwinuko. Halafu ghafla msitu unakwisha, unavuka mto Kelantan karibu na Kusial juu ya daraja la chuma la Guillemard, lililojengwa miaka ya 1920, na unaingia katika mashamba ya mpunga hadi Pasir Mas na Tumpat. Anayekwenda Kota Bharu hushuka Wakaf Bharu.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, maana jibu lake nililiona ndani ya behewa. Abiria wengi hawakuwa watalii. Walikuwa wanafunzi wenye sare, wazee wanaokwenda hospitali ya mji, kina mama wenye mafurushi ya mboga na matunda ya kupeleka sokoni, na watu wa jamii za asili za msituni, wale wanaoitwa Orang Asli, wanaoshuka katika vituo ambavyo msafiri mgeni haoni hata nyumba. Kwa miongo mingi baadhi ya vijiji vya bonde lile havikuwa na barabara ya maana, na treni ndiyo iliyokuwa mlango wao. Mtalii alikuwa mgeni katika treni ya watu wengine, na nadhani hilo ndilo lililomfurahisha.

Kuna jambo jingine ambalo nakuomba uwaeleze wanafunzi, kwa sababu linagusa moja kwa moja ulinganisho wako. Reli ile nayo iling'olewa. Desemba 1941, Waingereza waliokuwa wakirudi nyuma mbele ya jeshi la Japani walilibomoa daraja la Guillemard. Kisha Wajapani wenyewe wakang'oa sehemu kubwa ya reli ya huko bara na kuipeleka kujenga njia ya Thailand hadi Burma, ambako wafungwa wa vita na vibarua wa Kiasia walikufa kwa makumi ya maelfu. Vita vilipokwisha, tuta la Malaya lilikuwa limebaki tupu kama hili letu la Nachingwea. Lakini lilitandikwa reli upya, kazi ikaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, tena wakati wa mapigano ya msituni baina ya serikali ya kikoloni na Wakomunisti, ambapo treni zilikuwa zikivamiwa.

Miaka ya karibuni ikajaribiwa tena. Desemba 2014 mafuriko makubwa yaliikumba Kelantan, mto ukalisomba daraja la reli la Kemubu, na usafiri wa moja kwa moja hadi Tumpat ulirudi kikamilifu mwaka 2018. Kwa hiyo usiwaambie wanafunzi kwamba ile ilibahatika na ya kwetu ikakosa bahati. Zote mbili ziliondolewa ardhini. Moja ilirudishwa kwa kuwa watu waliidai.

Kwa atakayetaka kwenda: treni ya usiku yenye vitanda inayotoka Johor Bahru hadi Tumpat ni nzuri kwa kulala, lakini inavuka sehemu kubwa ya safari gizani. Anayetaka kuona nchi apande treni za mchana zinazokwenda kwa vipande, hasa kile cha Kuala Lipis kuelekea Tumpat.

Fundi Mataruma alijibu:

Nimeyasoma maelezo ya kijana wa Mikindani kwa furaha. Mimi ni mstaafu wa idara ya njia katika reli ya kati, na marehemu baba yangu alifanya kazi katika reli ya Kusini akiwa kibarua wa genge la tuta. Nitasema juu ya kwa nini ya kwetu ilikufa, kwa sababu habari hii husimuliwa nusu.

Reli ya Kusini haikujengwa kwa ajili ya watu wa Kusini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 likaja wazo la kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika. Mpango ulikuwa wa zaidi ya ekari milioni 3, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, na sehemu kubwa ya tumaini lilikuwa huku kwetu. Bandari ya Lindi ilikuwa na kina kidogo, ndiyo maana ikachaguliwa Mtwara yenye kina kirefu cha asili. Lakini kujenga bandari ni kazi ya miaka, kwa hiyo reli ilianzia kwanza Mkwaya, ndani ya mkono wa bahari wa Lindi, ili mitambo ishushwe na kupelekwa bara haraka. Mpango wa karanga ulifutwa Januari 1951, ukiwa umekula takriban pauni milioni 36 za Uingereza. Bandari ya Mtwara ikakamilika mwaka 1954, miaka mitatu baada ya zao lake kuondoka.

Hapo ndipo tatizo lilipo, Mwalimu. Reli ilitangulia mzigo, na mzigo haukuja. Shirika la reli la Afrika Mashariki likabaki na njia inayotaka genge la tuta, mafundi, injini na wasimamizi wa stesheni kila siku, huku mabehewa yakirudi karibu matupu. Reli haina gharama ndogo ya kungojea. Hata isipopitisha treni, mvua inaendelea kula tuta, majani yanaziba mifereji, mchwa wanakula mataruma ya mbao.

Linaloniuma ni wakati. Korosho, ambayo sasa ndiyo uchumi wa Mtwara, Lindi na sehemu ya Ruvuma, ilikuwa inapanda kila mwaka wakati reli inafungwa. Msimu wa 1973/74 uzalishaji wa nchi nzima ulifika takriban tani 145,000, na sehemu kubwa ilitoka kwenye ardhi ileile ambayo reli ilikuwa imekwisha kuondolewa kwake. Zao la kuibeba reli lilifika miaka kumi baadaye, likakuta tuta.

Binti Rondo alijibu:

Shikamoo Fundi, na asante kwa kumtaja mzee wetu. Naomba niongeze kwa upande wa misitu, kwa kuwa nyumbani kwetu ni uwanda wa Rondo, na kazi yangu ni ya uhifadhi.

Swali la pili la Mwalimu halijajibiwa bado, nami nalijibu bila kusita: hapana. Mandhari haiwezi kuilisha reli. Mtalii anakuja kwa msimu, anachagua treni ya mchana, analipa nauli mara moja na kuondoka. Mama anayepeleka mboga mjini anasafiri mvua na jua. Hata reli ya Malaysia, pamoja na umaarufu wake wote, sehemu ile ya msituni inaendeshwa kama huduma ya wananchi kwa nauli ndogo. Uzuri wake ni zawadi inayopatikana juu ya kazi nyingine.

Lakini nisingependa mandhari idharauliwe, na hapa nazungumza kama mtu anayeupenda msitu. Reli ya njia moja ni mpole kwa msitu kuliko barabara. Ukanda wake ni mwembamba. Gari dogo haliwezi kusimama popote kupakia magogo na mkaa usiku, na mtu hajengi kibanda kila hatua mia kando yake. Barabara inapofunguliwa katikati ya miti, mashamba huingia pande zote mbili ndani ya miaka michache. Tumeliona hilo hapa Lindi katika maeneo kadhaa ambayo sihitaji kuyataja.

Hofu yangu kwa reli ya Mbamba Bay iko mahali pamoja. Kati ya Tunduru na Namtumbo kuna ushoroba wa Selous na Niassa, njia ya wanyama inayounganisha hifadhi zetu za kaskazini mwa Ruvuma na hifadhi ya Niassa ya Msumbiji. Tembo wanakwenda kaskazini na kusini, nayo reli itakwenda mashariki na magharibi. Hapo lazima kuwe na vivuko vya wanyama vilivyopangwa tangu mchoro wa kwanza, madaraja marefu yenye nafasi ya kutosha chini, na si uzio unaoziba kila kitu. Reli ya Tazara, ile ya Dar es Salaam hadi Zambia, ilipita ndani ya Selous, katika eneo ambalo sehemu yake leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na abiria wake huona wanyama kutoka dirishani. Kwa hiyo tunayo mifano yetu wenyewe. Mwalimu akitaka wanafunzi waone reli ya njia moja inayopanda milima ya kijani, wala wasifike Malaysia: kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye sehemu kubwa ya mahandaki zaidi ya 20 ya Tazara, kinatosha kumnyamazisha mtu.

Msafirishaji wa Mtama alijibu:

Naheshimu sana mchango wa waliotangulia, lakini naona mazungumzo yanaegemea upande wa abiria kuliko inavyostahili. Mimi nina malori. Ninayasema haya nikijua kwamba reli ikija itanipunguzia kazi.

Mzigo upo sasa, tofauti na mwaka 1951. Makaa ya mawe ya Ruvuma yanateremka kwa malori hadi bandari ya Mtwara, na barabara ya Songea hadi Masasi inaonyesha makovu yake. Korosho inauzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani inakusanywa kwanza maghalani na kuuzwa ikiwa humo, na msimu ukifika inataka kutoka maghalani kwenda bandarini karibu yote kwa wakati mmoja. Reli inayopangwa, ya kiwango cha SGR na yenye takriban kilomita 1,000 pamoja na matawi ya Liganga kwenye chuma na Mchuchuma kwenye makaa ya mawe, itajengwa kwa sababu ya chuma na makaa hayo. Treni ya makaa haisimami kuchukua tenga la kuku. Tukiibebesha vituo vya kila kijiji tutaichelewesha, na ikichelewa mwenye mzigo atarudi kwenye lori. Nadhani ni heri reli ya mizigo inayojilipa kuliko reli ya abiria inayofungwa tena.

Ninakubaliana na jambo moja tu bila sharti, nalo ni umuhimu wa kuwa na njia ya pili. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, kila aliyekuwa na gari barabarani alielewa maana ya mkoa kuwa na mlango mmoja.

Mwalimu wa Ndanda aliandika:

Nawashukuru wote, na hasa Binti Rondo kwa kulijibu swali langu bila kuzunguka. Habari ya Wajapani kung'oa reli ya Malaya sikuwa nimeikuta katika vitabu nilivyonavyo, na inabadilisha namna nitakavyofundisha kipindi hiki.

Hoja ya ndugu yetu wa Mtama nimeitafakari sana. Kama ni kweli kwamba treni ya mzigo haiwezi kumsubiri mama mwenye tenga, basi mfano wa Malaysia hautufai, maana huko mama huyo ndiye aliyeiokoa reli. Mzee Fundi, nakuomba utusaidie kwa upande wa utendaji. Katika njia moja treni zinapishanaje, na je, vituo vidogo vya watu vinaichelewesha kweli treni ya mzigo kwa kiasi anachokisema?

Fundi Mataruma alijibu:

Binti Rondo, marahaba. Mwalimu, umeuliza swali lililonilisha kwa maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo nivumilie nikilijibu kwa urefu.

Njia moja ina sheria moja kuu: kati ya stesheni na stesheni hairuhusiwi kuwa na treni mbili zinazoelekeana. Katika reli nyingi zilizojengwa na Waingereza, sheria hii ililindwa na kifaa cha chuma kilichotolewa na mashine ya stesheni. Mashine mbili za stesheni jirani ziliunganishwa kwa waya, na kifaa kimoja kikishatoka, hakuna kingine kinachoweza kutoka upande wowote mpaka cha kwanza kirudishwe. Dereva asiyekuwa nacho mkononi haondoki, hata kama mkubwa gani amemwamuru. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na redio, kompyuta na taa, lakini sheria ni ileile.

Matokeo yake ni kwamba uwezo wa reli nzima unaamuliwa na kipande chake kirefu kuliko vyote kati ya njia mbili za kupishania. Chukua kipande cha kilomita 20, treni ikienda kilomita 40 kwa saa. Itakikalia kwa dakika 30. Kwa hiyo katika saa 24 haziwezi kupita treni zaidi ya 48, kwenda na kurudi zikijumlishwa, na hiyo ni hesabu ya karatasini. Katika kazi halisi hupati nyingi hivyo, maana kuna kusubiri, kuna matengenezo, kuna ng'ombe relini. Ukitaka treni nyingi zaidi una mambo mawili ya kufanya: ama uongeze mwendo, ama upunguze umbali kati ya njia za kupishania.

Ndugu yangu wa Mtama, sasa nije kwako. Treni ya makaa katika njia moja itasimama tu, utake usitake. Itasimama kila inapokutana na mwenzake, ikiingia njia ya pembeni na kungoja. Treni nzito ikisimama dakika 20 porini pasipo na mtu, dakika hizo zimepotea bure. Zikipotea mahali penye kijiji, jukwaa fupi na ghala la ushirika, treni ya abiria inayopishana nayo itakuwa imepakia na kushusha watu wakati uleule, na hakuna aliyecheleweshwa. Ndiyo maana katika reli za zamani stesheni nyingi ndogo zipo mahali pa kupishania. Mzungu aliyechora ramani alitafuta mahali pa kupishania kwanza, halafu watu wakahamia hapo kwa sababu treni inasimama.

Kwa hiyo jibu langu kwa Mwalimu ni kwamba mama mwenye tenga na treni ya makaa hawagombani kwa asili. Wanagombanishwa na mchoro mbaya. Katika njia ya kilomita 1,000, ukiweka njia za kupishania kila kilomita 20, una mahali takriban 50 ambapo treni lazima ziwe na uwezo wa kusimama. Mhandisi anaweza kuzisogeza kidogo mbele au nyuma bila kuharibu hesabu yake, ili mradi ardhi iwe tambarare na njia iwe imenyooka vya kutosha kwa urefu wa treni. Kuzisogeza hadi zikutane na kijiji kunagharimu kidogo zinapochorwa. Zikishajengwa, hazisogezwi tena.

Reli ya Kusini ya wakati ule haikukosa stesheni. Ilikosa mtu anayeihitaji kiasi cha kwenda kupiga kelele ofisini ilipotangazwa kwamba inafungwa.

Msafirishaji wa Mtama alijibu:

Mzee Fundi, hoja ya kupishania imenishawishi. Nilikuwa nikifikiria vituo kama nyongeza juu ya safari, kumbe safari yenyewe ya njia moja inavidai. Ninabaki na sharti langu moja, kwamba ghala la korosho liwe pembeni ya njia hiyo ya kupishania na liwe na njia yake fupi ya kupakilia, ili behewa lijazwe bila kuizuia treni yoyote. Bila hivyo, mkulima atabeba magunia kwa lori hadi Masasi, na akishayapandisha kwenye lori hatayashusha tena ila bandarini.

Binti Rondo aliandika:

Na upande wa ushoroba iwe kinyume chake: njia za kupishania zisiwekwe kabisa ndani ya mapito ya tembo. Treni iliyosimama ni ukuta, na taa na kelele za kituo huleta makazi. Kipande hicho kipitwe bila kusimama, hata kama itabidi umbali uwe mrefu kidogo kuliko kilomita 20 za Mzee Fundi.

Fundi Mataruma alijibu:

Inawezekana, binti yangu. Mwendo ukiongezwa katika kipande hicho, urefu wake haupunguzi idadi ya treni. Kilomita 30 kwa mwendo wa 60 kwa saa ni dakika 30 zilezile. Tatizo ni kwamba tembo na mwendo mkubwa havipatani usiku, kwa hiyo vivuko ulivyovitaja vya kupita chini ya reli si pambo, ni sharti la mwendo huo.

Mwalimu wa Ndanda aliandika:

Nimepata zaidi ya nilichoomba. Kipindi kijacho nitawapa wanafunzi ramani ya barabara ya Masasi hadi Tunduru, ambayo ina takriban kilomita 200, wapange mahali kumi pa kupishania wakizingatia vijiji, maghala ya ushirika, mito na mapito ya wanyama, na kila kundi litetee uchaguzi wake. Mangaka nadhani itachaguliwa na wote. Ugomvi utaanzia baada ya hapo. Kazi zao zikikamilika nitaziweka hapa, nami nakuomba Mzee Fundi uzikosoe bila huruma, kisha tuone namna ya kuzifikisha kwa diwani wetu mchoro wa reli ukiwa bado unaweza kusogezwa.